Kuskani kitabu kilekile mara mia: kisa cha Bookshare

Mtu asiyeona, Marekani, mwishoni mwa miaka ya tisini. Kanunua riwaya dukani kwa bei ileile anayolipa kila mtu, na akifika nyumbani kazi ndiyo kwanza inaanza. Anakifungua kitabu, anakilaza kifudifudi juu ya kioo cha skana, anakandamiza mgongo ili maneno yaliyo karibu na mshono yasimezwe, anabonyeza, anasubiri taa ipite, anainua, anageuza ukurasa, analaza tena. Kitabu cha kurasa 300 ni kulaza na kuinua mara 150. Hata kama kila mara ni nusu dakika tu, hiyo ni saa moja na robo mbele ya mashine kabla hajasikia sentensi ya kwanza. Kisha programu inatambua herufi, sauti ya kompyuta inasoma, naye anasikiliza huku akikisia maneno yaliyoharibika. Akimaliza, faili linabaki kwenye kompyuta yake. Na jimbo la pili, mwenzake asiyeona kanunua riwaya hiyohiyo, naye usiku huo yuko kwenye kulaza na kuinua.

Bookshare, maktaba ya mtandaoni ya watu wasioweza kusoma chapa ya kawaida, ilizaliwa kutokana na kazi hiyo iliyokuwa ikirudiwa bila wenyewe kujuana. Nimeona nikichambue kisa hiki kwa sababu kwetu mtu akitaja kujitolea kwa ajili ya wasioona, picha inayokuja ni ya mwenye macho anayetoa na asiyeona anayepokea na kushukuru. Hapa mambo yalikuwa kinyume. Waliolaza na kuinua vitabu mwanzoni, wengi wao, walikuwa wasomaji wenyewe.

Aliyewakutanisha ni mhandisi aitwaye Jim Fruchterman, ambaye njia yake haikunyooka hata kidogo. Alisoma Caltech, akaenda Stanford kwa shahada ya juu, akaiacha na kujiunga na kampuni changa ya roketi. Mwaka 1981 roketi yao ililipuka pale pale kwenye jukwaa la kurushia, huko Texas. Baadaye akawa miongoni mwa walioanzisha kampuni ya kutengeneza mashine za kutambua herufi zilizochapwa, na alipoiona mashine inasoma karibu kila aina ya chapa, wazo lililomjia ni la kuiunganisha na sauti ili imsomee asiyeona. Bodi ilimuuliza soko lake lina ukubwa gani. Kama dola milioni 1 kwa mwaka, akasema. Wazo likafia mezani.

Simlaumu mtu wa bodi. Pesa ya mwekezaji ina hesabu zake. Ila mashine ya kumsomea asiyeona ilishakuwapo tangu 1976, ile ya mvumbuzi Raymond Kurzweil, ambayo Stevie Wonder, mwanamuziki asiyeona, alikuwa mteja wake wa mwanzo kabisa. Tatizo lake lilikuwa bei. Ilikuwa mashine ya maktaba na ya mwanamuziki tajiri. Fruchterman alitoka akaanzisha shirika lisilotengeneza faida mwaka 1989, Arkenstone, likawa linauza kompyuta ya kawaida, skana ya kawaida na programu ya kusoma, kwa bei ambayo mtu mmoja au mwajiri wake angeweza kuimudu. Hadi lilipouza biashara hiyo mwaka 2000, vifaa vyake vilikuwa vimewafikia watu 35,000 katika nchi 60.

Ishike hiyo namba ya 35,000. Hao ndio watu wenye skana nyumbani.

Wakati huohuo mtoto wake wa kiume, kijana wa balehe, alimwonyesha Napster. Waliokuwa na intaneti miaka ile wanaikumbuka: mtu anaweka nyimbo zake, mwingine anazichukua, na kampuni za muziki zinapiga mayowe mahakamani. Wazazi wengi waliona wizi. Fruchterman aliona wateja wake. Wana mafaili ya vitabu, wanaskani vilevile, na hawana mahali pa kubadilishana. Swali lililobaki ni moja: je, hilo nalo si wizi?

Jibu lilikuwa limelala kwenye sheria tangu 1996. Bunge la Marekani lilikuwa limeongeza kifungu kwenye sheria ya hakimiliki, kinachojulikana kama marekebisho ya Chafee, kikiruhusu taasisi ya serikali au isiyo ya faida inayowahudumia wasioona kutoa nakala ya kitabu katika muundo maalumu bila kumwomba mwenye haki ruhusa. Lugha yake iliandikwa na watu waliokuwa wakiwaza nukta nundu na kanda za kaseti. Kifungu kilikuwa na tundu moja la ajabu pia: kiliruhusu maandishi yasiyo ya tamthilia tu. Mwanafunzi asiyeona aliyepangiwa kusoma mchezo wa kuigiza wa mwandishi aliye hai alikuwa nje ya mlango. Tundu hilo liliondolewa mwaka 2018. Mtu aliyekulia kwenye shule zetu, ambako tamthilia ni sehemu ya mtihani wa fasihi, anaweza kupima hasara yake.

Februari 2002 Bookshare ikafunguliwa, chini ya shirika lilelile ambalo sasa liliitwa Benetech, huko Palo Alto, California. Kujiunga kulihitaji uthibitisho wa mtaalamu kwamba kweli huwezi kusoma chapa ya kawaida. Ada ilikuwa dola 50 kwa mwaka na dola 25 za kuandikishwa. Kila faili lililoshushwa lilibeba alama ya mwanachama aliyelichukua, ili likikutwa linauzwa mtaani ijulikane limetoka kwa nani. Hilo lilikuwa la kuwatuliza wachapishaji, ambao Fruchterman alishakaa nao kabla ya kufungua mlango. Naona hapo ndipo alipocheza vizuri kuliko kwingine kote. Sheria ilimruhusu asiwaulize, yeye akawaendea. Miaka michache baadaye ni wachapishaji walewale walioanza kumpa mafaili ya vitabu moja kwa moja.

Kazi yenyewe iligawanywa mikono miwili. Wa kwanza anaskani na kutuma. Wa pili anasoma prufu: anafungua faili, anapitia, anasahihisha, anaandika maelezo mafupi ya kitabu, ndipo kinaingia kwenye maktaba. Vitabu vilipewa daraja, safi sana, kizuri, na cha wastani, na msomaji aliona daraja kabla ya kuchukua. Cha wastani kilikuwa na makosa ya kukera, lakini wapo waliokipakua bila kusita. Mwenye njaa halalamikii chumvi.

Mkono huu wa pili ndio ninaotaka kukaa nao, kwa sababu hapo ndipo muda wa watu ulipokwenda, na ndipo ungekwenda kwetu pia.

Ukisikia programu inatambua herufi kwa usahihi wa asilimia 99 unapiga makofi. Ukurasa wa riwaya una herufi kama 1,800. Asilimia moja ni makosa 18 kwa ukurasa, na hakuna mtu anayesikiliza hadithi yenye makosa 18 kwa ukurasa akabaki na hamu. Panda hadi asilimia 99.9 na bado kitabu cha kurasa 300 kina makosa zaidi ya 500. Kuna pia makosa ambayo si ya herufi. Jina la sura linalochapwa juu ya kila ukurasa, ambalo jicho limezoea kuliruka, mashine hailiruki. Msikilizaji anapata: "akamshika mkono, akamtazama machoni SURA YA TATU 47 akamwambia." Hilo linatakiwa lifutwe kila ukurasa. Namba ya ukurasa haifutwi, inawekwa mahali pake, kwa sababu mwanafunzi akiambiwa darasani afungue ukurasa wa 47 lazima aweze kuufikia. Namba hizo zina kazi nyingine pia. Mtu asiyeona akiskani, njia yake ya kujua kama ameruka kurasa mbili zilizoshikana ni kusikiliza namba zinavyofuatana.

Makosa ya herufi nayo yana tabia zake kwa kila lugha. Kwenye Kiingereza maarufu ni r na n zikisimama pamoja kugeuka m. Sisi tuna la kwetu. Nililijua siku nilipojaribu.

Sikutaka kuharibu kazi ya mtu, kwa hiyo nilitunga ubeti wangu mwenyewe, usio na thamani ya kuchapwa popote:

Nitakuja kwako mama, usichoke kungojea,
Upepo ujapovuma, miguu itatembea,
Sitorudi tena nyuma, nyumbani ninarejea,
Bandika chungu mapema, njaa nimeizoea.

Nikauchapa kwa herufi ndogo, ukwapi (nusu ya kwanza ya mstari) upande mmoja na utao (nusu ya pili) upande wa pili na nafasi pana katikati, kama diwani nyingi za zamani zinavyofanya. Nikaenda steshenari nikatoa kopi, kopi ya kopi, na kopi ya hiyo, mpaka ikapauka kama kitabu kilichopita mikononi mwa madarasa kumi. Nikaipiga picha kwa simu chini ya taa na kuipitisha kwenye programu ya bure ya kutambua herufi, nikiwa nimeichagulia Kiswahili.

Kosa la kwanza sikulitegemea. Programu iliona nguzo mbili, kama gazeti, ikasoma ya kushoto yote kisha ya kulia yote. Nikapata "Nitakuja kwako mama, upepo ujapovuma, sitorudi tena nyuma, bandika chungu mapema." Isome kwa sauti. Inaimba! Vina vimekaa, mizani minane imetimia kila mstari, na maana inakaribia kuwapo. Msikilizaji asiye na kitabu mkononi hawezi kujua kwamba ameibiwa nusu ya shairi, na kwamba nusu hiyo itamjia baadaye kama shairi la pili. Mhariri wa Kiingereza hawezi kulikamata hili. Anayelikamata ni mtu anayejua ukwapi na utao ni nini.

Kosa la pili ni n na i kushikana zikawa m. "Nyumbani" ikatoka "nyumbam". Hilo linaonekana mara moja, maana si neno la Kiswahili. Lakini tazama lugha yetu ilivyojaa ni: ninakuja, nimesema, nitalipa, shuleni, ombeni. Na upande wa pili imejaa m: mnakuja, mmesema, mtalipa. Badilisha ni iwe m na mara nyingi unapata neno halali kabisa, lenye sarufi safi, ila msemaji amegeuka kuwa ninyi. Kikagua tahajia hakisemi kitu. Mizani haisemi kitu, kwa kuwa m hapo ni silabi kamili kama ilivyo ni.

Kuna faraja moja, nayo inamhusu msahihishaji asiyeona. Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa. Kwa Kiingereza maneno mawili tofauti yanaweza kutamkwa sawasawa, sikio likadanganyika. Kwetu herufi ikiharibika sauti nayo inaharibika. Alama ya king'ong'o ikidondoka, ng'ombe anageuka ngombe, na sauti ya mashine inaipiga ile g mpaka unashtuka. Kwa hiyo anayesahihisha kwa sikio si msahihishaji wa daraja la pili. Kilicho kigumu kwake ni alama za nukuu, herufi kubwa, na mahali aya ilipoanzia. Kilichobaki anakisikia, na huenda kuliko mimi ninayekiona, maana macho yangu yana tabia ya kusoma ninachotarajia.

Nirudi Palo Alto. Mfumo wa watu kujichagulia ulikuwa na kasoro ambayo haikuhitaji mtabiri. Anayejitolea huchagua anachokipenda. Riwaya za kusisimua hupata watu, kitabu cha kemia chenye majedwali hakipati. Nani atakesha na majedwali? Na mwanafunzi hangoji: muhula ukianza leo, kitabu kikija baada ya miezi mitatu kimekuja kama mvua ya baada ya mavuno. Hapo ndipo pesa ya serikali ilipoingia. Mwaka 2007 Wizara ya Elimu ya Marekani iliipa Bookshare dola milioni 32 kwa miaka 5, wanafunzi wa nchi hiyo wakaacha kulipa ada, na vitabu vya masomo vikaanza kutengenezwa kwa maombi ya shule, sehemu kubwa na watu wanaolipwa. Leo maktaba ina zaidi ya vitabu milioni 1, na vingi vinatoka kwa wachapishaji vikiwa tayari mafaili, bila mtu kukandamiza mgongo wa kitabu popote.

Ukisoma hapo haraka unaweza kusema basi wa kujitolea walikuwa ngazi ya kupandia tu, wakatupwa. Sioni hivyo. Hakuna mchapishaji ambaye angetoa mafaili yake kwa shirika lisilo na wasomaji, na wasomaji walikuja kwa sababu vitabu vilikuwapo, na vilikuwapo kwa sababu mtu fulani alilaza na kuinua mara 150 akatoa faili badala ya kulificha. Pia kazi haikuisha, ilihama. Faili la mchapishaji halina makosa ya herufi, lakini lina michoro, na mchoro kwa sauti ya mashine ni kimya. Mtu lazima aandike: mstari unapanda kutoka kushoto, unafika kileleni mwaka fulani, unashuka. Aandike kinachoonekana tu, asimtafunie mwanafunzi jibu la swali linalofuata. Hiyo ni kazi ngumu kuliko kusoma prufu, na sijasikia mashine inayoifanya bila kusimamiwa.

Halafu kulikuwa na mpaka. Kifungu cha Chafee ni cha Marekani. Kitabu kilichoskaniwa na mtu wa Ohio kwa jasho lake kilikuwa halali kwa asiyeona wa Ohio na haramu kwa asiyeona wa Tabora, mpaka mchapishaji akubali kitabu kwa kitabu. Kila nchi ingepaswa kulaza na kuinua upya. Ni ule usiku wa watu wawili na riwaya moja, safari hii wa mataifa mazima.

Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa Juni 2013 huko Morocco na kuanza kutumika Septemba 30, 2016, uliandikwa kuondoa hilo. Nchi mwanachama inaruhusu nakala zitengenezwe kwa ajili ya wasioona, na inaruhusu zivuke mpaka kati ya taasisi zilizoidhinishwa. Stevie Wonder, yuleyule wa mashine ya Kurzweil, alifika Marrakesh kuwaimbia wajumbe. Kenya ilijiunga 2017 na kuyaingiza masharti yake kwenye sheria yake ya hakimiliki kwa marekebisho ya 2019. Uganda ilijiunga 2018, Tanzania 2020. Marekani yenyewe mkataba ulianza kuifunga Mei 2019.

Sasa mlango uko wazi, na vitakavyoingia kupitia mlango huo ni vitabu vya Kiingereza kwa maelfu. Ni jambo jema. Mwanafunzi wa sheria Nairobi anavihitaji. Lakini hakuna mtu wa Ohio atakayelaza kwenye kioo diwani ya mashairi iliyochapwa Dar es Salaam mwaka 1970 na kitu. Hiyo hakuna mpaka wa kuivusha, iko kwenye kabati la mwalimu mstaafu, karatasi zimekuwa rangi ya chai. Programu ya kuitambua ni ya bure, programu ya kuisoma kwenye kompyuta, NVDA, ni ya bure, simu za mkononi zinakuja na ya kwao. Hata mkataba umeshafungua njia, mradi nyuma yako kuna taasisi inayotambulika na si wewe na kikundi cha WhatsApp mnaorushiana PDF. Kinachokosekana ni saa za mtu anayejua tarbia, yaani shairi la mistari minne kila ubeti, na namna ya kujua kama mwenzake wa Mombasa hajaianza diwani hiyohiyo wiki iliyopita.

Kuhusu ule ubeti wangu. Nilipanga upya ukwapi na utao, nikarekebisha "nyumbam", nikaupitia mara nne, nikamtumia rafiki yangu mwalimu asiyeona, ambaye husikiliza kila kitu kwa simu yake kwa mwendo ambao mimi siambulii neno. Alinijibu kwa sauti, anacheka.

"Ndugu yangu, mama wa watu kakukosea nini? Unamwambia abandike chungu, halafu unamwambia njaa mmeizoea. Yeye na nani?"

Nikafungua faili. Mstari wa nne, mwishoni kabisa: mmeizoea.